Kikombe cha dirishani: majibu kwa wasomaji

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kwa nini Wahindi wengine hawali nyumbani kwa watu, nikamjibu kwa ufupi, nikagusia jati, yaani yale matabaka ya Wahindu ambayo mtu anazaliwa nayo na anazikwa au kuchomwa nayo, nikaahidi nitarudi. Barua na meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua nne, zilizokuwa matusi matupu nimeziacha.

Niseme mapema mimi ni nani ili mtu asije akasema mama huyu anachungulia nyumba za watu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa Tanga, kwetu ni Walohana, jati ya wafanyabiashara, na Kiswahili ndiyo lugha ninayoota nayo. Haya ni ya nyumbani kwetu.

Shikamoo mama. Niko Pune, India, nasoma mwaka wa pili. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mzuri sana, ananiletea chapati na dengu, nikiumwa ananipikia wali laini, ananiita mwanangu. Ila kuna dada anakuja kila asubuhi kufagia na kuosha choo, huyo chai yake inamiminwa kwenye kikombe kisicho na mkono, kinakaa chini nje karibu na bomba la bafuni, akimaliza anakiosha mwenyewe anakirudisha palepale. Siku moja nilikiokota nikakiweka kwenye sinki na vyombo vingine, mama mwenye nyumba alishtuka kama nimeweka nyoka, akasema hiyo ni desturi yetu usijali. Mimi ni mgeni halafu ni Mwislamu, mambo yao siyajui. Je, ni dini yao kweli? Na ninyamaze? – Mwanafunzi, Pune

Marahaba mwanangu. Hicho kikombe nakijua. Kwetu Tanga kilikuwa cha bati, rangi ya bluu imebanduka ukingoni, kilikaa dirishani jikoni kwa upande wa nje, na kilikuwa cha mama aliyekuwa anakuja kutufulia. Nilikuwa na miaka 9. Siku hiyo jua lilikuwa linachoma kweli, yule mama akaomba maji, mimi nikachukua glasi ya stili iliyokuwa karibu nikachota mtungini nikampa, akanywa akanirudishia, akasema ahsante mwanangu. Ba, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliishika ile glasi kwa ncha ya sari yake, akaitia kwenye makaa, ikakaa mpaka ikabadilika rangi, akaitoa kwa koleo akaanza kuisugua kwa majivu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yule mama alikuwa anatazama yote hayo, mikono iko kwenye povu mpaka kiwiko. Kisha akainama akaendelea kusuuza shuka zetu. Shuka tulizokuwa tunalalia sisi, Ba mwenyewe pamoja, alizisuuza kwa mikono ileile, usiku tukazilalia na hakuna mtu aliyewaza kuzitia kwenye makaa. Mimi nilianza kulifikiria jambo hili pale na mpaka leo sijaacha.

Maana ukiangalia, uchafu gani huo unaoruka kutoka kwenye midomo mpaka kwenye glasi lakini hauruki kutoka kwenye vidole mpaka kwenye shuka? Uchafu unaojua ni kazi ipi tunaihitaji na ipi hatuihitaji? Mimi nikaona hapo hakuna uchafu wowote, kuna mtu anayekumbushwa kila siku akae wapi.

Sasa ni dini au siyo. Sitaki kukupa nusu ya jibu. Maandishi yapo. Kwenye Rig Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, kitabu cha 10, kuna wimbo wa Purusha, yule mtu mkubwa wa mwanzo wa dunia, mdomo wake ukawa Brahmini, yaani kuhani, mikono yake ikawa wapiganaji, mapaja yake yakawa wafanyabiashara na wakulima, na miguu ikatoka Shudra, mtumishi. Hao ni wanne, na nje kabisa ya huo mwili wakaja kuwekwa wale walioitwa wasioguswa, ambao wengi wao leo wanajiita Dalit, yaani waliopondwa. Halafu kuna Manusmriti, kitabu cha zamani cha sheria, sura yake ya 10 inasema watu wa chini kabisa wakae nje ya kijiji, wavae nguo za maiti na wale kwenye vyombo vilivyovunjika. Vyombo vilivyovunjika mwanangu. Kikombe chako kisicho na mkono kimetoka mbali, hata kama mama mwenye nyumba wako hajawahi kufungua hicho kitabu hata ukurasa mmoja, na nadhani hajafungua.

Lakini maandishi ya Wahindu ni mengi na hayasemi kitu kimoja. Kwenye Chandogya Upanishad kuna kijana anaitwa Satyakama, alitaka kwenda kusoma kwa mwalimu, akamuuliza mama yake sisi ukoo wetu upi, mama akamwambia mwanangu mimi nilikuwa mtumishi huku na kule ujana wangu, baba yako simjui, wewe ni mtoto wa Jabala, jiite Satyakama Jabala. Kijana akaenda akamweleza mwalimu vilevile bila kupunguza neno. Mwalimu akasema lete kuni nikupokee, maana hukuukimbia ukweli. Mimi nikipewa nichague kati ya huyo mwalimu na Manu wa Manusmriti sihitaji hata dakika moja. Na Mhindu ana haki ya kuchagua, kwa sababu hatuna kitabu kimoja wala hatuna papa, kitabu kikisema mtoto mchanga ni mchafu kabla hajafanya lolote basi kitabu ndicho kimekosea.

Na wewe uko Pune! Sijui kama umeshaambiwa uko mji gani. Hapohapo mwaka 1848 Jotirao Phule na mke wake Savitribai walifungua shule ya wasichana, na baadaye shule za watoto wa wasioguswa, wakati Mabrahmini wa mji walikuwa wanaona ni laana. Inasimuliwa kwamba Savitribai alikuwa anatembea na sari ya pili kwenye mfuko kwa sababu njiani watu walikuwa wanamrushia mavi ya ng'ombe na matope, akifika anabadilisha anaanza kufundisha. Mwaka 1868 Phule akafungua kisima cha nyumbani kwake wasioguswa waje wachote. Kisima cha nyumbani, yaani alianzia kwenye maji, palepale mama mwenye nyumba wako anapokwama.

Halafu Maharashtra, jimbo la Pune yako, ndiko alikokulia Ambedkar. Jina lake kamili Bhimrao Ramji Ambedkar, alizaliwa 1891 kwenye jati ya Mahar, mojawapo ya zile za wasioguswa, baba yake alikuwa mwanajeshi. Shuleni alikuwa anakalia kipande cha gunia alichotoka nacho nyumbani na anarudi nacho, kwa sababu hata mfagiaji wa shule alikataa kukishika. Kiu ikimshika haruhusiwi kugusa bomba, anasubiri tarishi wa shule aje afungulie maji anywe, na kama siku hiyo tarishi hayupo basi hakuna maji. Mtoto huyo akaja kusoma Columbia kule New York, akasoma na London, akarudi na shahada juu ya shahada, na aliporudi kufanya kazi Baroda hakupata hata chumba cha kupanga, akajificha kwenye nyumba ya wageni ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, kwa jina lisilo lake mpaka wakamgundua wakaja na fimbo kumtoa. Unaona? Elimu yote ile na chumba hapati.

Tarehe 20 Machi 1927 aliongoza maelfu ya watu pale Mahad wakaenda kwenye bwawa la mji la Chavdar wakanywa maji. Ndiyo hicho tu walichofanya, waliinama wakateka maji kwa mikono wakanywa. Bwawa hilo ng'ombe walikuwa wanakunywa na hakuna aliyekasirika. Watu wa jati za juu wakawapiga, kisha wakalisafisha bwawa kwa mavi na mkojo wa ng'ombe. Desemba 25 mwaka uleule wakarudi Mahad na hapo wakaichoma Manusmriti hadharani.

Kwa hiyo swali la kunyamaza. Sheria iko upande wa yule dada, ibara ya 17 ya katiba ya India, katiba ambayo Ambedkar ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuiandika na ilianza kutumika Januari 26, 1950, imefuta kabisa habari ya kutoguswa, na kuna sheria ya mwaka 1989 ya kuwaadhibu wanaowatendea unyama watu wa jati hizo. Lakini sikwambii ukimbilie polisi kesho. Atakayefukuzwa kazi kwanza ni yeye, wewe utahamia chumba kingine yeye atakosa mshahara. Nenda sokoni kanunue vikombe viwili vinavyofanana, vya kwako, vikae chumbani kwako. Muulize jina lake, maana kwenye barua yako ndefu jina la mama mwenye nyumba wako ulilitaja (nimelitoa) ila la huyu dada hukulitaja, nadhani hulijui. Akija kufagia kwako pika chai, mwambie karibu, kunyweni wote na wewe uoshe vikombe vyote viwili pamoja. Asipotaka usimlazimishe, yeye ndiye anayejua hatari yake. Na mama mwenye nyumba akikuuliza mjibu kwa heshima kwamba kwenu ndivyo mgeni anavyopewa chai. Ugeni haukuzuii kusema hivyo, chapati zake unakula basi na ukweli wako anaweza kuusikia.

Mama mbona hata sisi tuna makabila, Mchagga na Mpare wanataniana na wengine hawaoani, tofauti iko wapi? Au mnakuza tu? – Msomaji, Moshi

Ndugu yangu anza na mdomo wako mwenyewe. Nguo zako unampelekea nani? Dobi. Pete ya uchumba ulitengenezewa na nani? Sonara. Mababu zako walimwitaje Mhindu yeyote mwenye duka? Baniani. Maneno yote matatu yametoka India, na kule hayakuwa majina ya kazi tu, yalikuwa majina ya jati. Dhobi ni jati ya wafuaji, sonar au soni ni jati ya wafua dhahabu, vaniya ni jati ya wafanyabiashara. Yalipovuka bahari na kuingia kwenye Kiswahili yakafunguka, leo Mmakonde anaweza kuwa sonara, Mhaya akawa dobi, na mwanawe akawa daktari na hakuna atakayemwambia rudi kwenye pasi ya baba yako. Kule dobi akiacha kufua, akasoma, akawa hakimu, kijijini bado ni dhobi, na mjukuu wake ni dhobi. Hata wazee wa pwani wanalikumbuka neno topasi, mtu wa kusafisha vyoo. Nalo lilivuka bahari, na huko lilikotoka wanaofanya kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono mpaka leo karibu wote wanatoka jati zilezile, pamoja na kwamba India imeipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2013. Wanaingia kwenye mashimo ya maji machafu bila vifaa na wengine hawatoki.

Tofauti yenyewe ni hiyo. Mchagga akimtania Mpare wanakula sahani moja. Kabila linakutenga pembeni, jati inakuweka juu au chini kwenye ngazi, na kila aliyeko kwenye ngazi ana mtu wa kumkanyaga chini yake isipokuwa wa mwisho. Ndiyo maana ni ngumu kuivunja, maana hata anayeonewa anapewa wa kumuonea. Na wa mwisho si wachache, sensa ya 2011 iliwahesabu Dalit zaidi ya milioni 200, ni zaidi ya watu wote wa Tanzania, Kenya na Uganda ukiwaweka pamoja.

Ila tusijisifu. Rwanda na Burundi Mtwa alikuwa haruhusiwi kunywa kwenye chombo kimoja na wengine, hadithi ya kikombe ileile bila Manusmriti yoyote. Na sisi pwani tuna wazee ambao mpaka leo kwenye posa wanauliza kwa sauti ya chini kama babu wa kijana alikuwa muungwana au mtumwa. Phule alipotoa kitabu chake mwaka 1873 alikiita Gulamgiri, yaani utumwa, akawatunukia Wamarekani kwa sababu walikuwa wamewaachia huru watu weusi. Aliona ni jambo moja. Na mimi nikimkumbuka yule mama wa shuka na kikombe chake cha bati naona ni jambo moja pia, maana hakuwa Mhindu wala hakuwa na jati, alikuwa Mdigo, Ba alimweka tu kwenye ngazi yake kwa sababu ndiyo ngazi pekee aliyokuwa nayo kichwani.

Unatuaibisha. Jati ilikuwa mgawanyo wa kazi tu, Waingereza ndio walioigeuza ubaguzi kwa sensa zao. Kitabu chetu kitakatifu cha Gita chenyewe kinasema matabaka manne ni kwa tabia na matendo ya mtu. Leo mpaka Marekani wanatutungia sheria, wewe unawapa fimbo. – Mhindu mwenzio, Nairobi

Bhai, yaani ndugu yangu, nimekusoma mara mbili na hasira yako naielewa, maana hata mimi nikiwa mdogo nilikuwa nasema hivyohivyo wakinitania shuleni.

La Waingereza lina ukweli. Walipoanza sensa mwaka 1871 waliandika kila jati kwenye daftari, na ile ya 1901 ikajaribu hata kuzipanga nani yuko juu ya nani, na kitu kilichoandikwa kinakuwa kigumu. Lakini Chokhamela, mtunzi wa nyimbo za Mungu wa jati ya Mahar, aliishi karne ya 14, Muingereza hajulikani hata rangi, na hekalu la Pandharpur alilokuwa anaimbia usiku na mchana hakuruhusiwa kuingia. Kaburi lake lipo mpaka leo kwenye ngazi za mlango, nje. Nani alimweka nje?

La Gita pia ni kweli, sura ya 4 shairi la 13 inasema kwa sifa na matendo. Basi nioneshe. Nioneshe mtoto mmoja wa Brahmini aliyeonekana ana tabia mbovu akahamishiwa ufagio, na mtoto mmoja wa mfagiaji aliyeonekana mcha Mungu akapewa hekalu na wote wakampigia magoti. Tukilitumia shairi hilo kusema mambo ni mazuri wakati kijijini mambo ni ya kuzaliwa tu, tunalitumia kama pazia. Ambedkar alilijibu hilo mwaka 1936 kwenye hotuba aliyoandikiwa mwaliko kwenda kuitoa Lahore, waandaaji wenyewe walikuwa Wahindu wanaopinga jati, walipoisoma kabla wakaogopa wakafuta mkutano, yeye akaichapa kwa pesa yake. Alisema jati haigawi kazi tu, inawagawa wafanyakazi wenyewe, inawapanga ngazi mmoja juu ya mwingine, na kazi mtu haichagui. Nimetafuta jibu la hoja hiyo miaka mingi sijalipata.

Mimi nadhani aibu inakaa sehemu nyingine kabisa. Bwana harusi wa Kidalit kule Rajasthan anapandishwa farasi siku ya harusi yake kama bwana harusi mwingine yeyote na watu wanamshusha kwa mawe, mpaka polisi wanaitwa kumsindikiza aende kuoa. Kwenye vibanda vya chai vya vijiji vya Tamil Nadu kumekuwa na bilauri za aina mbili. Hayo ndiyo yanayotuaibisha, mimi nimeyaandika tu. Na Marekani usiwalaumu, Seattle walipopitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa jati Februari 2023 aliyeipeleka kwenye baraza ni diwani mwenye asili ya India, kutoka familia ya Kibrahmini, na waliokuwa wanaidai ni Wahindi wenzetu waliobaguliwa maofisini na Wahindi wenzao. California nao wabunge walipitisha mwaka huohuo, gavana akakataa kusaini.

Na kama unataka Mhindu wa kumwonea fahari ninaye. Narayana Guru wa Kerala, jati ya Ezhava, waliokuwa hawaruhusiwi kusimika mungu yeyote. Mwaka 1888 aliingia mtoni Aruvippuram akatoa jiwe akalisimika liwe Shiva, mmoja wa miungu wetu wakuu. Mabrahmini wakaja kumuuliza kwa haki gani, akawajibu huyu niliyemsimika ni Shiva wa Ezhava, wala siyo wenu. Sijui walirudi nyumbani wakasema nini. Miaka 48 baadaye, Novemba 1936, mfalme wa Travancore, hukohuko Kerala, akafungua mahekalu ya serikali yake kwa Wahindu wote. Dini yetu ina watu kama huyu, bhai, kwa nini tutetee wale waliofunga mlango?

Mama shikamoo. Nipo Mwanza, nina miaka 26, ni Mlohana kama wewe. Nimempata kijana Mhindu, Mgujarati, mwalimu wa sekondari, anasali kuliko sisi. Baba alikubali mpaka aliposikia ukoo wao ni Wamochi, mafundi viatu. Babu yake alikuja kushona viatu huku. Baba hasemi neno baya, anasema tu watu watasema nini kwenye samaj, chama cha jati yetu, na mdogo wako ataolewa na nani. Mama analia. Nifanye nini? – Binti, Mwanza

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako ndiyo iliyonikalisha macho usiku.

Kwanza nikueleze baba yako anaogopa nini, maana anaogopa kitu cha kweli. Babu zetu walipokuja huku walijipanga kama walivyotoka, Walohana na ukumbi wao, Wapatel na wao, mafundi dhahabu, wafinyanzi, vinyozi, mafundi viatu kila mmoja na chama chake, na ukumbi huo ndio uliosomesha watoto, ukazika, ukatoa mkopo wa kwanza wa duka. Siwezi kuudharau, umetulea. Lakini ukumbi huohuo ndio unaoweka hesabu ya nani kamuoa nani. Kula pamoja siku hizi tunakula, nenda harusi yoyote utaona meza moja, lakini kwenye ndoa mlango bado umefungwa, na India yenyewe ni hivyo, utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa 2011 na 2012 ulikuta ndoa za jati tofauti ni kama 5 kwa 100. Ambedkar alisema wazi kwamba kula pamoja hakutoshi, kinachoivunja jati ni kuoana. Na mwaka 1948 yeye mwenyewe akamuoa daktari wa Kibrahmini.

Sasa baba yako. Usianze na katiba wala Ambedkar, atafunga masikio. Anza na anachokipenda. Nina hakika nyumbani kwenu mnaimba Vaishnav jan to, ile bhajan, wimbo wa ibada, inayosema mcha Mungu ni yule anayeyajua maumivu ya mwenzake. Muulize ametunga nani. Ni Narsinh Mehta wa Junagadh, Mgujarati mwenzetu, Brahmini wa Nagar, karne ya 15, na alikwenda mtaa wa wasioguswa akaimba nao usiku kucha, jati yake ikamtenga. Waliomtenga hakuna anayewajua majina. Kisha muulize Mirabai, binti wa kifalme ambaye bhajan zake mama yako anazijua kwa moyo, wasimulizi wanasema guru wake, mwalimu wake wa dini, alikuwa nani. Ravidas, mtu wa kushona viatu. Kwa hiyo kwenye kona ya sala nyumbani kwenu, fundi viatu ameshaingia zamani.

Na ukiona ana nguvu ya kusikiliza mpe hiki. Karne ya 12 kule Kalyana, Karnataka, wafuasi wa Basava, kiongozi wa dini, walikubaliana hakuna jati tena mbele ya Shiva. Kati yao alikuwepo Madhuvarasa, Brahmini, na Haralayya, fundi viatu, na binti wa Brahmini akaozeshwa kwa kijana wa fundi viatu. Mfalme akawaua baba wote wawili. Nakuhadithia hiki kwa sababu huyo Brahmini alikuwa na binti kama baba yako, alikuwa na cha kupoteza kikubwa kuliko maneno ya ukumbini, na alisema ndiyo.

Kuhusu sheria, ujue tu usiitumie kama panga, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi baba kura ya turufu kwa binti mwenye miaka 26. Ni ndoa yako. Lakini ukimpa miezi michache ya kupumua sioni vibaya, mradi iwe miezi yenye mwisho, na kijana awe anajua mwisho ni lini, maana yeye ndiye anayesubiri nje ya mlango na kosa lake ni kazi ya babu yake. Hilo usilisahau hata siku moja, kwamba katika hadithi hii anayeumizwa zaidi siyo wewe. Muulize anajisikiaje. Na mdogo wako muulize pia, mbele ya baba, kama anataka kuolewa na mtu atakayemkataa kwa sababu ya shemeji yake.

Na kama baba yako anataka kusikia kwa mtu mzima wa jati yake, mpe namba yangu, ofisi ya gazeti wanayo. Nitapanda basi nije Mwanza nikae naye, na huyo kijana awepo, na mama yake, nami chai ya mama yake nitakunywa ya kwanza.